Mti wa kale umezungushiwa uzio. Kuna ubaya gani mzee wangu akiuvuka dakika moja?

MkweWaSeremala

Wakuu, habari za saa hizi.

Baba mkwe wangu ni seremala mstaafu. Macho anayo bado, masikio yanamsumbua, na magoti ndiyo hivyo tena. Siku hizi ana hamu moja tu: kwenda kuuona mti mmoja wa kale ulioko nje kabisa ya mji, unaolindwa kisheria, ambao kibao kinasema una karne nyingi. Dereva ni mimi, kwa hiyo nilitangulia kwenda kukagua njia.

Mti upo, na ni mkubwa kweli, mtu unajikuta unanong'ona bila sababu. Shida ni kwamba umezungushiwa uzio wa mbao wa kimo cha kiuno, na kutoka kwenye uzio hadi shinani ni hatua ishirini na zaidi. Usivuke, usiguse, usiokote kitu. Mlinzi ni mmoja tu, na hakai hapo muda wote.

Sasa mzee hataki kuuona tu, anataka kuushika. Anasema mti hujaujua mpaka uweke kiganja. Mtu aliyeshika mbao tangu ujana wake utamwambia nini? Na ukiuangalia, shina lina pango wanaloweza kuingia watu wanne, na matawi ya juu kabisa yamekauka yamekuwa kama pembe. Mti uliovumilia radi na dhoruba karne zote hizo utadhurika vipi na kiganja cha mzee wa miaka themanini?

Nauliza hivi: huo uzio una maana, au ni urasimu tu? Na kama una maana, mzee nikimfikisha hapo atafaidi nini zaidi ya kusimama nje na kupigwa picha?

Naomba kuwasilisha.

Kitendawili

Mkuu, vusha mzee. Dakika moja haijawahi kuua mti. Wanaoua miti ni wenye misumeno, na hao uzio wa kimo cha kiuno hauwazuii. Halafu mti wenye pango maana yake umeshaoza, unasubiri siku yake tu. Mwache mzee aushike wote wawili wakiwa bado wapo.

bwana_miti_mstaafu

Kitendawili umenichekesha, lakini hayo mawili uliyosema nimeyasikia sana uzioni, na yote mawili yana kasoro. Nianze na pango, kwa sababu ndilo linalowadanganya wengi.

Sehemu ya mti iliyo hai ni tabaka jembamba chini ya gome, pamoja na mbao za nje zinazopandisha maji. Moyo wa mti, ile mbao nyeusi ya katikati, ulikwisha kufa zamani hata kwenye mti kijana wenye afya. Kazi yake ni kubeba uzito. Kuvu ikiula moyo, unachobaki nacho ni bomba, na fundi yeyote wa vyuma atakwambia bomba linabeba mzigo vizuri ilimradi kuta zake ziwe na unene wa kutosha. Kuna miti inayoshusha mizizi ndani ya pango lake yenyewe ikajilisha mboji ya mwili wake. Zamani wataalamu walikuwa wakiyaziba mapango hayo kwa saruji wakidhani wanatibu. Wakaacha, maana mti huyumba na saruji haiyumbi, ikawa inasugua kuta na kushika unyevu ndani.

Mzee wako hili analijua kwa mikono kuliko sisi. Muulize kuhusu lile fundo jeusi linalotokea katikati ya ubao mzuri. Mmarekani mmoja, Alex Shigo, alipasua maelfu ya miti kwa msumeno wa mnyororo ili aone ndani kunatokea nini, akaonyesha kwamba mti hauponi kidonda kama ngozi yetu inavyopona. Unakizungushia ukuta, kisha unaendelea kukua nje ya ukuta huo. Ubovu unabaki ndani, umefungiwa. Kwa hiyo mti wa kale ni mkusanyiko wa vidonda vilivyofungiwa, na bado unachanua.

Zile pembe kavu za juu nazo zisikutishe. Mti ukizeeka hujipunguza. Unaachia ncha za mbali zife, unatengeneza kichwa kipya chini, ili maji yasipande safari ndefu. Ukirudi na mzee angalia chini ya hizo pembe: ukiona majani mazito, mti huo una mipango yake.

Sasa uzio. Huo uzio haulindi shina. Unalinda udongo.

Watu wanadhani mizizi ya mti imeshuka ardhini kama matawi yalivyopanda angani. Sivyo. Mizizi mingi inayokunywa maji ni myembamba kama nyuzi, na iko kwenye sentimita 60 za juu, mara nyingi juu zaidi ya hapo, nayo imetambaa mbali kupita mwisho wa kivuli. Udongo mzuri karibu nusu yake ni nafasi tupu, hewa na maji. Ukiukanyaga, nafasi zinabanwa, mvua inateleza juu badala ya kuzama, mizizi inakosa pumzi, na kuvu rafiki zinazoishi na mizizi zikiipatia chakula zinapungua. Na hapa ndipo hoja ya dakika moja inapokufa: mapito ya kwanza ndiyo yanayoshindilia kuliko yote. Mtu wa mia anakanyaga udongo ambao tayari umekuwa kama sakafu. Ukivuka ardhi ikiwa imelowa, ndio kabisa.

Pia hauvuki peke yako. Nyasi zilizolala ni mwaliko kwa anayekuja nyuma. Nimeshaona njia ikizaliwa uwanjani asubuhi na jioni imeshajulikana na kila mtu.

Mfano ni ule mwaloni wa msitu wa Sherwood, Uingereza, wanaouita Major Oak kwa sababu ya Meja Hayman Rooke aliyeuelezea mwaka 1790. Umri wake unakadiriwa kati ya miaka 800 na 1,000 na ushee. Matawi yalianza kufungwa minyororo mwaka 1908, baadaye yakawekewa nguzo. Watu walikuwa wanaingia mpaka ndani ya pango lake, na kwenye miaka ya 1970 ikabidi uwekwe uzio kwa sababu udongo ulikuwa umeshindiliwa na miguu ya watu waliokuja kwa mapenzi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuja kuudhuru.

Uliouma zaidi, kwa upande wangu, ni wa Australia Magharibi. Kuna miti mikubwa huko inaitwa tingle, ina mapango chini kiasi kwamba watu walikuwa wanaingiza gari kupigia picha. Mmoja uliopendwa kuliko yote ulianguka mwaka 1990. Miaka sita baadaye wakafungua njia ya chuma inayopita juu, hadi mita 40 kutoka ardhini, ili watu waione misitu bila kuikanyaga. Njia nzuri sana, lakini mti wenyewe ulishalala.

Swali la mzee afaidi nini nitalijibu nikipumzisha vidole.

Kitendawili

Bwana miti nimekuelewa, nimefuta "vusha mzee" kichwani. Ila misumeno hujaijibu.

bwana_miti_mstaafu

Msumeno unaua, sibishi. Septemba 2023 ule mti wa Sycamore Gap, kando ya Ukuta wa Hadriani, ule wa Warumi kaskazini mwa Uingereza, uliangushwa usiku mmoja. Wanaume wawili wakafungwa miaka minne na miezi mitatu kila mmoja, Julai 2025. Lakini tazama: dunia nzima ililia kwa sababu ilionekana. Kisiki kikachipua mwaka uliofuata. Mti uliokufa kwa kukanyagwa hauna wa kufungwa, na wenye kosa wote wana picha nzuri nyumbani.

lenzi_kavu

Naongezea kwa upande wa picha, maana ndiyo kazi yangu. Mkuu, ukipiga picha ya mzee na mti, zima kile kipengele cha simu kinachobandika mahali picha ilipopigwa kabla hujairusha mtandaoni. Mti wako una kibao na mlinzi, sawa, lakini tabia ni ileile.

Mti mrefu kuliko yote unaojulikana, Hyperion, sekwoya ya California yenye karibu mita 116, uligunduliwa 2006. Hauna njia ya kuufikia. Watu wakaufuata kwa ramani za mtandaoni, wakafyeka majani ya chini, wakaacha taka, mpaka mwaka 2022 eneo likafungwa kabisa. Ukikamatwa unaweza kulipa faini hadi dola 5,000 na kukaa ndani miezi sita. Na Methuselah, ule msonobari wa milima ya White, California hukohuko, wenye miaka zaidi ya 4,800, wenye kuulinda hawasemi ni upi. Unapita katikati ya miti ya kale, mmojawapo ni wenyewe, na huambiwi. Mimi naona ni njia ya heshima kuliko uzio, na unalazimika kuitazama yote kwa makini.

Kuna waliojifunza kwa uchungu. Mwaka 1964 huko Nevada mwanafunzi mtafiti, kwa ruhusa halali, alikata msonobari wa aina hiyohiyo ili ausome. Pete za ndani ya shina, moja kwa kila mwaka, zilipohesabiwa zikafika 4,862. Ulikuwa mti mzee kuliko wowote uliowahi kuhesabiwa wakati huo.

Mwanaviatu

Jamani na viatu! Mnaongelea uzito wa miguu mnasahau kilichoganda kwenye soli. New Zealand ile miti ya kauri inakufa kwa ugonjwa wa mizizi unaoletwa na kijidudu cha udongoni, Phytophthora. Udongo wa kutosha kichwa cha pini unatosha kuuhamisha. Kwenye msitu wa Waipoua ulipo ule mkubwa, Tāne Mahuta, unasugua viatu kwa brashi na kukanyaga dawa kabla ya kuingia, kisha unatembea juu ya njia ya mbao. Hakuna tiba ya kuuondoa ugonjwa ukishaingia. Kwa hiyo kama mnatoka shambani au bustanini, oshesha viatu vya mzee, na ncha ya mkongojo wake pia. Mkongojo watu wanausahau.

MkweWaSeremala

Nimesoma yote kwa sauti mezani, mzee akiwa ameweka mkono sikioni. La saruji limemuudhi, anasema "fundi gani anachanganya mbao na saruji?" La fundo jeusi amenyamaza kidogo, halafu akasema kweli.

Kuvuka tumekubaliana hatuvuki. Lakini ameuliza: basi kiganja tu kwenye gome, kwa miti isiyo na uzio, nacho ni dhambi? Na bado nasubiri jibu la pili, bwana miti.

bwana_miti_mstaafu

Mwambie mzee kiganja si dhambi. Kiganja cha laki moja ndicho tatizo, na vidole vinavyobanjua kipande kidogo cha kumbukumbu. Kule Fortingall, Scotland, kuna mti kwenye uwanja wa kanisa, mmoja wa miti ya kale kabisa ya Uingereza. Mwaka 1769 shina lilipimwa likakutwa na mzunguko wa futi 52, karibu mita 16. Wageni wakakata kipande, kipande, wengine kwa ajili ya vikombe na mapambo, hadi ikajengwa ukuta wa mawe. Shina moja leo linaonekana kama miti kadhaa iliyosimama duara. Mwaka 2019 walezi wake walikuwa bado wanalalamika kuhusu watu wanaoruka ukuta, wanavunja vijitawi na kufunga utepe matawini. Huo mti ni dume, na mwaka 2015 tawi lake moja lilikutwa limezaa matunda mekundu ya jike. Mti wa umri huo bado una vituko, na mtu anauvunja tawi aweke kwenye droo.

Sasa mzee afaidi nini. Hapa nina upendeleo, nitasema ninavyofanya mimi.

Nendeni asubuhi na mapema au jua likielekea kuchwa. Jua la utosi linaufanya mti uwe bapa. Mwanga wa pembeni ndio unaochonga gome, na kwa seremala hiyo ndiyo shughuli nzima: ataona nyuzi za mbao zimekwenda wima au zimejizungusha shina kama kamba. Miti mingi ya kale imejizungusha. Mpe darubini ya mkono. Kwa darubini, hatua ishirini si kitu. Ataona vizuri kuliko aliyebandika pua shinani, maana aliye shinani haoni matawi.

Zungukeni uzio wote, polepole, na kiti cha kukunja mkibebe. Kila upande una mti mwingine. Mwambie atafute zile pete nene kama midomo mahali tawi lilipokatika: hapo ndipo mti unapozungushia ukuta wake. Atafute mistari ya gome hai inayopanda katikati ya sehemu zilizokufa. Kwenye miti mingine ya kale mstari mwembamba tu ndio unaolisha tawi zima, na ukiufuata kwa jicho kutoka mzizini hadi majanini utajua ni tawi lipi linategemea mzizi upi. Mimi hilo peke yake linanitosha kwa asubuhi nzima. Halafu radi: mara nyingi inaacha mfereji kutoka juu hadi chini, nao una midomo yake.

Kuhusu hizo "karne nyingi" za kibao, msichukulie kama cheti cha kuzaliwa. Mti wenye pango hauna pete za katikati za kuhesabu, kwa hiyo umri ni makadirio. Mwingereza Alan Mitchell alikuwa na kanuni ya haraka kwa miti ya kwao: mti uliosimama peke yake mahali pa wazi huongeza wastani wa sentimita 2.5 za mzunguko kwa mwaka. Mti wa msituni, wenye majirani wa kugombania mwanga, huongeza kama nusu ya hapo. Ni ya kukadiria tu, na mibuyu, kwa mfano, haiingii humo kabisa. Mbuyu mara nyingi ni mashina kadhaa yaliyoungana, na umri wake hupatikana maabara, kwa kupima kaboni ya vipande vidogo vya mbao. Lakini mpe mzee futikamba apime mti wowote mkubwa wa aina ileile ulioko nje ya uzio, kwenye kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka ardhini. Wazee wa kazi hawapendi kukaa bila kupima kitu.

La mwisho ndilo la kiganja. Mtafute mlinzi. Usimvizie, mtafute. Mwambie ukweli, kwamba umekuja na seremala. Mahali pengi tawi la mti wa namna hiyo likianguka halichomwi, linaachwa lilale palepale kwa ajili ya wadudu na kuvu, na mara nyingine kipande huwekwa kando ya njia ili watu wakione. Hicho ni mti uleule. Mbao zilezile, gome lilelile, na mzee anaweza kukishika hadi achoke. Ila kibaki pale.

lenzi_kavu

Hilo la kufuata mstari wa gome kutoka mzizini hadi majanini sikulijua, na nimepiga picha miti ya namna hii miaka yote. Nina kazi ya kurudia.

Kitendawili

Swali la kijinga: kwa nini wasijenge tu njia ya mbao hadi shinani kila mahali, kama huko kwa kauri? Watu wangeshika na udongo usingekanyagwa.

bwana_miti_mstaafu

Si la kijinga. Wengine wamejenga jukwaa badala ya njia ya hadi shinani. Ule mwerezi wa kisiwa cha Yakushima, Japani, Jōmon Sugi, unatazamwa kutoka kwenye jukwaa tangu 1996, na jukwaa limewekwa mbali kidogo na shina makusudi. Nguzo za njia zinachimbiwa mashimo, na mashimo yanapita kwenye mizizi, kwa hiyo kila mita unayosogea, anayelipa ni mti wenyewe. Jambo la pili ni usalama. Mti wa kale hudondosha matawi, tena mengine huanguka siku ya joto, bila upepo hata kidogo. Uzio umewekwa kwa ajili ya mti, lakini na wewe unakulinda. MkweWaSeremala, gari usiliegeshe chini ya mti, na siku ya upepo mkali ahirisheni.

MkweWaSeremala

Nimempata mlinzi kwa simu. Tawi lipo! Liko karibu na lango, limelala kwenye nyasi tangu lilipoanguka, na anasema ni nene kuliko yeye. Mzee anaruhusiwa kukaa nalo muda anaotaka.

Tumepata na futikamba. Ubishi uliobaki nyumbani ni mmoja: mzee anataka kwenda na randa, "nilisafishe kidogo tu nione nyuzi."

bwana_miti_mstaafu

Randa ibaki nyumbani, hata kwenye gari usiiweke, atakuzidi ujanja. Mpe chupa ya maji na kitambaa. Mahali tawi lilipokatikia, alowanishe kidogo na kupangusa. Mbao ikilowa nyuzi zinajitokeza zenyewe. Mlinzi aombwe kwanza. Na muulize kama kutoka langoni hadi kwenye uzio kuna ngazi, kwa ajili ya yale magoti.